Majoka ya muvi kwenye daftari moja: jinsi ya kuyajengea ulimwengu wa pamoja pwani ya Kusini

Wakusanye vijana watano wapenda muvi, waambie watunge hadithi moja yenye majoka, na nusu saa haipiti kabla ya ubishi wa joka gani litalipiga jingine. Mmoja kaleta lile la London linalokula majivu. Mwingine ana lile jeusi la kisiwa cha Waviking. Wa tatu hataki kusikia jingine ila lile lenye sauti ya Sean Connery. Ubishi ni mtamu, lakini hadithi haisogei. Kila joka limekuja na sheria za kwao: wako wangapi, wanakula nini, moto unatoka wapi, wanakufaje. Sheria hizo ndizo zinazogombana, na zikishapatana majoka yenyewe hayana ugomvi.

Mwongozo huu ni wa kuzipatanisha. Mifano yote nimeiweka Lindi na Mtwara, kwa kuwa mikoa hii ina vitu ambavyo mtunzi wa majoka angelazimika kuvibuni kama visingekuwepo: mifupa ya mijusi wakubwa Tendaguru, gesi chini ya Songo Songo na Msimbati, samaki wa kale kwenye bahari ya Kilwa, na mji ambao msafiri aliuandika tangu karne ya 14. Ukiwa Mbeya au Pemba, badilisha mifano. Hatua zitabaki hizihizi.

Chagueni machache

Majoka manne yanatosha kuanzia. Zaidi ya hapo mtakuwa mnakusanya picha, hamtungi ulimwengu. Kigezo cha kwanza kiwe hiki: muvi yake itokee kwenye dunia hii yetu, au iliyo karibu nayo. Kwa kigezo hicho Smaug, joka la The Hobbit, anabaki nje, hata kama ndiye mnayempenda kuliko wote, kwa sababu ametoka na ramani yake, milima yake na historia yake nzima. Ukimwingiza unaingiza na jirani zake wote.

Manne nitakayoyatumia hapa ni haya. Vermithrax wa Dragonslayer (1981), joka zee la ufalme unaotoa wasichana kwa bahati nasibu ili joka litulie. Draco wa Dragonheart (1996), anayezungumza, na aliyempa mwana wa mfalme nusu ya moyo wake. Majoka ya Reign of Fire (2002), yaliyoamshwa na wachimbaji wa njia ya treni chini ya London. Na Toothless wa How to Train Your Dragon (2010), asiyesema neno lakini anaelewana na kijana wa Kiviking.

Kila joka na kadi yake

Chukueni kauntabuku, ukurasa mmoja kwa kila joka. Tazameni muvi upya mkiwa na kalamu. Andikeni miguu mingapi na mabawa mangapi, moto unatokaje, linakula nini, yako mangapi, linazungumza au halizungumzi, linazaaje, na ni nini kinachoweza kuliua.

Mbele ya kila jibu wekeni alama moja kati ya tatu: kilichoonekana, kilichosemwa, kilichodhaniwa. Msiifanye hatua hii kwa haraka, maana ndiyo itakayowaokoa baadaye. Kwenye Reign of Fire, kwamba majoka yanatema moto tunaona kwa macho. Kwamba ndiyo yaliyowateketeza dinosaria zamani za kale, tunaambiwa tu na msimuliaji. Kwamba Draco ndiye wa mwisho wa aina yake, hilo pia tumesikia. Hakuna aliyezunguka dunia nzima kuhakikisha. Kwamba Toothless ni mwerevu kuliko Draco, hiyo ni dhana ya kijiweni. Kilichoonekana hakiguswi. Kilichosemwa kinaweza kuwa kosa la msemaji, naye hajadanganya. Kilichodhaniwa futeni bila huruma.

Kama muvi mliitazama kwenye kibanda umiza kwa sauti ya mtafsiri, itazameni tena kwa sauti yake ya asili. Lufufu na waliomfuata walikuwa watambaji hasa: walitia utani, walimpa mhusika maneno ambayo hakuyasema, walimwambia mtazamaji nani ni steringi kabla steringi mwenyewe hajajitambua. Nusu ya "ukweli" tunaoubishania kuhusu muvi za zamani ulizaliwa kwenye kipaza sauti Dar es Salaam. Ukitaka kuutumia utumie, ila uwe na alama yake kwenye kadi.

Tafuteni panapogongana

Sasa wekeni kadi mezani mbili mbili, muulizane: haya mawili yakiwa kweli kwa pamoja, nini kinaharibika? Kwa manne yetu, migongano mikubwa ni mitatu.

Wa kwanza ni idadi. Draco ni wa mwisho. Vermithrax ana makinda. Kwa Toothless kuna majoka ya kila namna. Na ya London yana dume moja tu, ambalo likifa kizazi chote kinaisha.

Wa pili ni umbo. Vermithrax na majoka ya London yana miguu miwili ya nyuma na mabawa, na yakiwa chini hutembelea mabawa hayo kama mikono. Draco na Toothless wana miguu minne kamili na mabawa juu yake: viungo sita.

Wa tatu ni mwisho wa dunia. Reign of Fire imeuweka ulimwengu ulioteketea kwenye mwaka 2020. Sote tuliuishi mwaka huo, ukapita.

Msianze kutatua mgongano wowote mpaka muwe mmeuandika wote. Kikundi kinachotatua huku kinaendelea kusoma huishia na viraka kumi, kila kimoja kikikinzana na mwenzake.

Sheria mama moja, nyingine zote ziitii

Mgongano wa umbo ndio wa kuanza nao, kwa kuwa jibu lake linafungua mengine. Wanyama wote wenye uti wa mgongo waliopata kutembea nchi kavu wametokana na mababu wa viungo vinne. Ndege ametoa mabawa kwenye mikono, popo vilevile. Kwa hiyo Vermithrax na majoka ya London ni rahisi: ni reptilia waliogeuza mikono kuwa mabawa. Wapeni ukoo mmoja. Draco na Toothless hawawezi kutoka huko. Lazima ukoo wao uwe ulijitenga mapema mno, wakati babu bado ni samaki.

Hapa bahari ya Kilwa inatusaidia. Silikanti ni samaki aliyejulikana kwa visukuku tu, akidhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, mpaka 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini. Mwaka 2003 akanaswa ukanda wa Songo Mnara. Mapezi yake hayakuota juu ya mwili kama ya changu. Yana shina la nyama, kama mguu ulioanza kuota. Manne yako mawili mawili, na zaidi ya hayo pezi lake la pili la mgongoni na lile la chini karibu na mkia nayo yana shina. Jumla sita. Mwanabiolojia atawaambia, na atakuwa sahihi, kwamba mapezi mawili ya mwisho yako katikati ya mwili na hayawezi kugeuka mabawa ya kushoto na kulia. Mwacheni aseme. Hadithi inahitaji mlango mmoja tu wa uongo, na mlango huu uko mahali pazuri: babu wa kubuni, ndugu wa mbali wa silikanti, aliyepanda nchi kavu na viungo sita.

Mkifanya hivyo mmepata koo mbili. Zipeni majina yenu wenyewe. Hapa nitaziita ukoo wa mbawa na ukoo wa bahari. Tazameni jinsi mgongano wa idadi unavyoyeyuka: Draco ni wa mwisho wa ukoo wa bahari katika nchi yake, na hajui habari za visiwa vya kaskazini anakoishi Toothless. Hakusema uongo, alisema alichokijua. Dume moja la London ni tabia ya tawi moja la ukoo wa mbawa, halimhusu Vermithrax. Swali la "yalijificha wapi miaka yote hii" nalo limejibiwa kwa ukoo wa bahari. Samaki mkubwa kama mtu amekaa bila wanasayansi kumjua, na hana hata mabawa.

Ukoo wa mbawa uwekeni Tendaguru. Kilima hicho kipo mkoani Lindi, ndani ya bara kutoka mjini, na tabaka zake zina umri wa miaka milioni 150 hivi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale zaidi ya tani 200 za mifupa, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na msimamizi aliyejulikana sana kati ya wachimbaji wenyeji alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mpaka bandari ya Lindi kwa miguu. Mmoja wa mijusi hao, Giraffatitan, amesimamishwa makumbusho ya Berlin kwa kimo cha mita 13.27, na ndiye huyo ambaye wabunge wetu hawachoki kuuliza atarudi lini. Palipatikana pia mabaki ya mijusi warukao.

Angalieni tarehe. Dinosaria waliangamia miaka milioni 66 iliyopita. Wale wa Tendaguru walikuwa wamekufa zamani sana kabla ya hapo. Kwa hiyo yule msimuliaji wa London, akidai majoka yaliwateketeza dinosaria wote, hawezi kuwa anazungumzia mifupa ya kwetu, labda majoka yawe yameamka zaidi ya mara moja. Na muvi yenyewe inasema hivyo: yanaamka, yanachoma, yanakosa chakula, yanalala. Mnayo tayari mizunguko ya kuamka, na Tendaguru inaweza kuwa mzunguko wa mapema. Mifupa isiyo na alama ya moto ni ushahidi dhidi yenu, kwa hiyo tungeni sababu: labda majoka ya awali hayakuwa na moto bado.

Moto uwe na kipimo

Moto usio na mipaka unaua hadithi kabla haujaua mtu. Muvi zenyewe zimetoa vidokezo. Majoka ya London huchanganya vimiminika viwili vinavyowaka vikikutana. Kwa kina Toothless kuna joka la vichwa viwili: kimoja hutoa gesi, kingine hutoa cheche. Kuna pia somo ambamo vijana wanafundishwa kwamba kila aina ina idadi yake ya mapigo ya moto. Gronckle ana sita.

Fupisheni yote kuwa sheria moja: kinachowaka, pamoja na cheche. Cha kuwaka kiwe methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay, kule Msimbati, mwaka 1982. Methani ina tabia ambayo mtunzi mzuri hataiachia: huwaka ikiwa takriban asilimia 5 hadi 15 ya hewa iliyochanganyika nayo. Ikipungua haishiki, ikizidi haishiki pia. Maana yake joka likitema kwenye upepo wa kusi gesi inatawanyika na moto hautoki. Likitema ndani ya pango lililojaa gesi yake lenyewe, halipati kitu, mpaka mtu afungue upenyo upande wa pili. Tayari mna udhaifu ambao mvuvi anayejua pepo anaweza kuutumia bila upanga wala uchawi.

Sheria hiyo pia inawaambia majoka yatapenda kukaa wapi. Joka linalojaza gesi yake kutoka ardhini litalala karibu na Songo Songo au Msimbati. Na bomba linalotoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa 2015, linaacha kuwa mandhari, linakuwa mgogoro.

Mafuta ya ganda la korosho, yale yanayoharibu mikono ya wabanguaji, nayo huwaka. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kulilisha joka maganda ya korosho. Nawaachia bure.

Chakula

Hapa msikae sana. Amueni kama joka lina damu ya moto, linalohitaji nyama kila wakati, au linaishi kama mamba wa Ruvuma, anayeweza kukaa miezi bila kula. Chagueni mamba. Mkichagua lingine itabidi muelezee kwa nini Liwale bado ina tembo.

Kalenda na ramani

Chorea mstari wa miaka, halafu kila muvi ibaki kwao. Vermithrax na Draco ni wa Ulaya ya zamani, waacheni huko. Kosa la kawaida ni kumhamishia Draco Kilwa ili awe "wetu". Huhitaji. Unachohitaji ni jambo litokee Kilwa kwa sababu ya kilichotokea kwao. Draco amewekwa karne ya 10, wakati Kilwa inaanza kunyanyuka. Jahazi moja la biashara linatosha kuleta gamba moja la joka, na gamba lina bei.

Kisha andikeni nyaraka zinazowabana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Joka hakuliandika. Basi katika ulimwengu wenu mwaka huo hakuna joka linaloruka juu ya Husuni Kubwa, kasri la sultani, mchana kweupe. Linaweza kuwa limelala chini ya matumbawe. Linaweza kuwa siri ya sultani, na ukarimu wote ule kwa mgeni ukawa wa kumfanya aondoke bila kuuliza. Kimya cha mwandishi wa kweli kina thamani kuliko ukurasa wa maelezo mliyobuni, kwa sababu kinawalazimisha kuwa wajanja. Fanyeni vilevile na mwaka 1505, Wareno walipouteka mji, na 1909, wapagazi walipoanza kushusha mifupa Lindi. Mzigo mmoja usiofika Berlin unaweza kulisha hadithi tatu.

Kuhusu 2020 mna njia mbili. Ya kwanza ni kusema ulimwengu wenu uliachana na wetu siku ile wachimbaji wa London walipofungua pango. Basi Lindi yenu ya leo ni ya baada ya moto, na lazima muandike hivyo kila mahali. Ya pili ni kuishusha muvi kuwa "kilichosemwa": utabiri, au simulizi ya mtu aliyeona tukio dogo akalikuza. Mimi nachagua ya pili. Dunia iliyoungua inafanana kila mahali, na Lindi ikiwa majivu haina tofauti na London.

Vitu vya kutogusa ovyo

Wapo watakaotaka kumwingiza Haku wa Spirited Away (2001). Ana umbo la joka, lakini ni roho ya mto uliofukiwa ili yajengwe makazi. Hana ukoo wala tumbo la gesi. Akiingia, fungueni mlango wa pili wenye sheria zake, na kadi yake msiichanganye na za wanyama.

Mlango huo kwetu una wenyewe. Kinjikitile wa Ngarambe alisemekana kupagawa na Hongo, roho ya maji, na maji ya dawa aliyogawa yakawa jina la vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Watu wengi mno walikufa, na wajukuu wao wako Kilwa, Liwale na kwingineko. Ukimgeuza Hongo kuwa joka la gesi umefanya jambo la kitoto. Mapiko, vinyago vya ngoma vya Wamakonde, nayo yana mambo ya jando yasiyosemwa hadharani. Zungumza na mzee wa kwenu kwanza, tena umwendee kwa adabu, bila simu mkononi ikirekodi. Akikwambia hili liache, liache.

Mkataba wa kikundi

Mtu mmoja ashike daftari. Asiwe mwandishi bora, awe mwenye kumbukumbu na asiyeona haya kusema hapana. Kitu chochote kipya kinapata alama zilezile tatu: kikiandikwa kwenye hadithi iliyokubaliwa na kutokea mbele ya macho, kimeonekana, mhusika akikisema, kimesemwa, mkikibishania kwenye kundi la WhatsApp, kimedhaniwa tu hata kama mmekesha.

Halafu tatizo la steringi. Muvi nyingi za majoka zimejengwa ili joka lipambane na steringi mmoja, na sote tunajua steringi hafi. Kwenye ulimwengu wa pamoja kila mwandishi ana steringi wake, kwa hiyo hakuna wa kufa, na majoka nayo yana wenyewe. Wekeni sharti: haruhusiwi mtu kuua, kupofusha wala kufuga joka la mwenzake bila ridhaa yake. Na marufuku orodha ya nguvu, ya nani anampiga nani. Wakikutana, upepo, njaa na mahali viamue, kwa sheria mlizokwisha kuziandika.

Jaribio la korosho

Kabla ya hadithi kubwa, kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa mtu asiyeyajali majoka: mbanguaji wa Newala, dereva wa bodaboda wa Nachingwea, mama muuza samaki soko la Feri Mtwara. Msimu wa korosho umefika, mzigo uko ghalani, watu wanasubiri mnada. Joka limeonekana juu ya uwanda wa Makonde. Bei inapanda au inashuka? Nani anakataa kulala shambani kulinda mikorosho? Mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anasema nini mkutanoni? Bima ipo?

Kurasa tano zikipishana kwenye jambo la msingi, mmoja akisema watu wamezoea na mwingine akisema hawajawahi kuona, sheria bado haijakaa. Rudini kwenye daftari, mrekebishe sheria, muache kurasa kama zilivyo mpaka sheria itulie.

Kabla ya kutoa nje

Mkiandikiana wenyewe, majina ya muvi hayana shida. Mkitaka kuuza kitabu, kupandisha video yenye matangazo au kuchapa fulana, mambo yanabadilika. Wazo la joka linalotema moto halina mwenyewe, lakini Toothless ana wenyewe: jina, sura na kisa chake vinalindwa, na kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Pitieni kadi zote. Kilichotoka kwenye muvi peke yake kitoke: majina, rangi na alama za mwili, matukio. Kilichotokana na sheria zenu kibaki: koo mbili, babu wa bahari, methani na upepo wa kusi, kimya cha 1331. Mkimaliza kufuta na kadi ikabaki nyeupe, joka hilo bado ni la watu, lirudisheni. Ikibaki imejaa, lipeni jina jipya, pigeni picha kurasa zote za daftari, na kila mwanakikundi abaki na nakala yake yenye tarehe.